Jack Barry na Biashara ya Kuaminiwa: Mwendesha Chemsha Bongo katika Televisheni ya Marekani

Mwendesha kipindi cha chemsha bongo, yaani mtu anayesimama kati ya washindani akiuliza maswali, akitangaza alama na kukabidhi zawadi, hutajwa pembezoni tu katika vitabu vya historia ya televisheni, kana kwamba kazi yake ilikuwa tabasamu na suti iliyonyooshwa vizuri. Mhadhara huu unamchukua mmoja wao, Jack Barry (1918–1984), aliyepata umaarufu nchini Marekani katika muongo wa 1950, na kushikilia hoja iliyo kinyume na mazoea hayo. Kusoma kadi ya maswali kungeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye sauti safi. Kazi hasa ya Barry ilikuwa kuwatolea dhamana, mbele ya mamilioni ya watu waliokaa sebuleni kwao, washindani ambao hakuna aliyewajua na mchezo ambao hakuna aliyeweza kuukagua. Alilipwa ili aaminiwe. Kuanguka kwake mwaka 1958, na hasa namna alivyorudi mwaka 1972, havieleweki sawasawa mpaka vitazamwe kwa jicho hilo.

Barry alizaliwa Machi 20, 1918, katika mji wa Lindenhurst, jimbo la New York, kwa jina la ukoo la Barasch, ambalo baadaye alilifupisha kama walivyofanya Wayahudi wengi wa Marekani walioingia katika burudani. Alisoma Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafanya kazi kwa muda katika biashara ya familia yake ya leso za mfukoni, kisha akahamia redioni. Katika kituo cha redio cha WOR, New York, alikutana na Dan Enright, na ushirika wao ukawa wa aina inayojulikana vizuri katika biashara, ambapo mmoja hukaa dukani na mwingine hukaa ghalani: Barry alisimama mbele ya kipaza sauti, Enright akashughulikia mikataba, bajeti na yote ambayo msikilizaji hakupaswa kuyajua. Mgawanyo huo wa kazi haukuonekana kuwa na uzito wowote wakati ule. Miaka kumi na miwili baadaye ndio uliozua swali kubwa kupita yote katika maisha ya Barry, nalo ni kiasi gani mtu wa mbele anawajibika kwa yanayofanywa nyuma.

Kipindi chao cha kwanza kilichovuma kilianza redioni mwaka 1946 na kuhamia televisheni mwaka 1947. Watoto wachache walikaa mezani kama jopo la mahakimu, wakasomewa matatizo ya watoto wenzao, kwa mfano mdogo anayevunja vitu vya kaka yake, na kuulizwa hukumu yao. Uzuri wake wote ulitokana na majibu ya papo kwa papo ambayo hakuna mtu mzima angeweza kuyatunga, na kazi ya Barry ilikuwa kuuliza, kunyamaza kwa muda unaofaa, kisha kumtazama mtoto kwa mshangao ambao mtazamaji nyumbani naye alikuwa nao. Kipindi kilichofuata kiligeuza umri tu na kuwaweka wazee wa miaka themanini na zaidi mahali pa watoto. Katika vyote viwili Barry alikuwa akijijengea, pengine bila kukusudia, sifa ya mtu ambaye mbele yake wengine husema kweli.

Mwaka 1953 likaja jambo la ajabu zaidi, ambalo wanahistoria wa televisheni hulitaja kama jaribio la mapema la kumshirikisha mtazamaji. Katika kipindi cha Winky Dink and You, kilichorushwa na shirika la CBS asubuhi za Jumamosi hadi mwaka 1957, watoto walihimizwa kuagiza kwa posta, kwa senti 50, karatasi ya plastiki angavu ambayo ilibandikwa juu ya kioo cha televisheni, pamoja na kalamu za nta za rangi. Kikatuni cha kipindi hicho kilipofika kwenye mto usio na daraja, Barry alimwomba mtoto nyumbani achore daraja kwa kuunganisha nukta, na kikatuni kikavuka. Kilivuka, bila shaka, hata pale ambapo hakuna aliyechora chochote, maana picha ilikuwa imekwisha kutengenezwa; na watoto wengi ambao wazazi wao hawakununua plastiki hiyo walichora moja kwa moja kwenye kioo. Kuuita mchezo huo udanganyifu hakungekuwa haki. Hata hivyo, mbinu yenyewe inastahili kukumbukwa: mtazamaji anasadikishwa na sauti ya Barry kwamba matokeo yanategemea kitendo kinachofanyika wakati huohuo, ilhali matokeo yalipangwa tangu juzi.

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kueleza jinsi televisheni ya Marekani ilivyoendeshwa wakati ule. Katika mfumo uliorithiwa kutoka redioni, mdhamini, yaani kampuni inayotangaza bidhaa zake, hakununua sekunde chache katikati ya kipindi kama ilivyo leo. Aligharamia kipindi kizima, jina la bidhaa yake likaandikwa ukutani na juu ya meza ya mwendeshaji, na neno lake kuhusu nani aonekane na nani aondolewe lilikuwa na nguvu kuliko neno la shirika la utangazaji. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vipindi vya kugawa zawadi havikuwa bahati nasibu zilizokatazwa na sheria, na uamuzi huo ukafungua mlango wa zawadi kubwa. Juni 1955 shirika la CBS likaanza kurusha kipindi kilichoahidi dola 64,000 kwa mshindi wa swali la mwisho, kikiendeshwa na mwigizaji Hal March na kudhaminiwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon, ambayo mauzo yake yalipanda kwa kasi iliyowashangaza hata wenyewe. Kila mdhamini sasa akataka chemsha bongo ya kwake.

Barry na Enright walikuwa tayari na jibu. Kipindi chao cha Twenty-One kilianza kwenye shirika la NBC Septemba 12, 1956, kikidhaminiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya maji yenye madini ya chuma iliyouzwa kwa watu wanaojisikia wachovu. Kanuni zake zilifuata kwa mbali mchezo wa karata wa ishirini na moja. Washindani wawili waliwekwa kila mmoja ndani ya kibanda cha kioo, wakiwa na hedifoni masikioni, ili mmoja asimwone wala kumsikia mwenzake. Barry, akiwa amesimama katikati, alitaja mada, na mshindani akachagua swali lenye thamani ya alama kuanzia 1 hadi 11, ambapo 11 ndilo gumu kabisa. Aliyekosea alipunguziwa alama zilezile, na wa kwanza kufika 21 alishinda. Baada ya raundi mbili yeyote kati yao aliweza kusimamisha mchezo, bila kujua kama yuko mbele au nyuma. Kila alama ya tofauti kati yao ilikuwa na thamani ya dola 500. Wakitoka sare, thamani ilipanda hadi dola 1,000, kisha 1,500, na kuendelea. Fedha alizolipwa mpinzani aliyemshinda bingwa zilikatwa kwenye mfuko wa bingwa huyo, kwa hiyo kila wiki aliyobaki aliuhatarisha utajiri wake mwenyewe.

Kwa mpangilio huo, mtu pekee katika ukumbi aliyewasiliana na vibanda vyote viwili alikuwa Barry. Watazamaji walijua alama za wote wawili, washindani hawakuzijua, na Barry alisimama kama mlinzi wa siri hiyo. Hakuna mchezo mwingine wa wakati huo uliomweka mwendeshaji katika nafasi ya kuaminiwa kiasi hicho.

Usiku wa kwanza mchezo ulichezwa kwa haki, na ukawa aibu tupu. Washindani walikosea swali baada ya swali, alama zikarudi chini badala ya kupanda, na Enright alieleza miaka mingi baadaye kwamba asubuhi yake mdhamini alipiga simu akisema hataki kuona tena kitu cha namna ile. Tangu hapo mchezo ukawa tamthilia. Enright na mtayarishaji Albert Freedman waliwachagua washindani kama waigizaji wa mchezo wa kuigiza wanavyochaguliwa, wakawapa maswali na majibu mapema, na wakawaelekeza wapi wasite na wapi waruke swali ili walirudie baadaye.

Herbert Stempel, mwanafunzi wa chuo cha City College cha New York na aliyewahi kuwa askari, alitembelewa na Enright nyumbani kwake Queens na kuulizwa kama angependa kushinda dola 25,000. Aliamriwa kunyoa nywele karibu na ngozi, kuvaa suti iliyopwaya na saa ya bei rahisi yenye mlio uliosikika kwenye kipaza sauti ndani ya kibanda. Kiyoyozi cha kibanda kilizimwa ili atoe jasho, naye akafundishwa kutolifuta kwa mara moja bali kuligusagusa kidogo kidogo kwa leso, maana jasho linalofutwa halionekani kwenye kamera. Kulikuwa na agizo moja zaidi, dogo na la kikatili: washindani wengine walimwita mwendeshaji Jack, lakini Stempel alitakiwa kumwita Bwana Barry, ili mtazamaji ahisi, bila kuambiwa, kwamba huyu ni mtu wa tabaka la chini anayejaribu kujipenyeza. Heshima aliyoitamka kwa Barry ilikuwa sehemu ya mavazi aliyovishwa.

Desemba 5, 1956, baada ya sare zilizopangwa, Stempel aliamriwa kushindwa na Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa mshairi Mark Van Doren, mrefu, mpole na mwenye sura iliyowavutia akina mama wa Marekani nzima. Swali alilotakiwa kulikosea lilihusu filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu ambayo Stempel alikuwa ameiona mara tatu, na fedheha ya kujifanya hajui kitu anachokijua na kukipenda ilimuuma sana, kama alivyosema mwenyewe miaka ya baadaye. Aliondoka na dola 49,500. Van Doren aliendelea hadi Machi 1957, akaondoka na dola 129,000, akiwa ametokea kwenye jalada la jarida la Time na kuajiriwa na NBC, na kipindi kikawa na nguvu za kupambana Jumatatu usiku na kipindi cha I Love Lucy, kilichokuwa mfalme wa televisheni. Mwaka huohuo NBC ikanunua vipindi vya Barry na Enright kwa zaidi ya dola milioni mbili.

Je, Barry alijua? Waliomtetea walisisitiza kwamba hakuwafundisha washindani, na Enright mwenyewe alijibebesha mzigo mkubwa wa lawama. Lakini Barry alikuwa mshirika nusu kwa nusu, si mwajiriwa, na katika miaka yake ya mwisho hakudai tena kwamba hakujua. Lililo muhimu kwa mhadhara huu ni kwamba swali la ujuzi wake, linalowashughulisha wanasheria, linaficha swali la kazi yake. Jibu la Stempel lilihitaji mtu wa kulipokea. Ukimya wa sekunde kadhaa, pumzi iliyoshushwa, sauti ya huruma inayosema kwamba jibu si sahihi, hivyo vyote vilikuwa vya Barry, na bila yeye majibu yaliyokaririwa yangebaki kuwa kukariri tu. Enright alitengeneza uongo. Aliyeufanya uaminike ni Barry.

Siri haikufichuka kwa ghafla. Stempel alipeleka habari kwa magazeti ya New York mapema mwaka 1957, lakini wahariri waliogopa kushtakiwa kwa kashfa kwa kuwa ushahidi ulikuwa neno lake pekee. Agosti 1958 kipindi kingine, Dotto, kilifutwa baada ya mshindani wa akiba kuona daftari la mwenzake likiwa na majibu ya mchezo uliokuwa ukiendelea, na hapo magazeti yakapata ujasiri. Barry alisimama mbele ya kamera, mwanzoni mwa kipindi chake mwenyewe, akakanusha tuhuma dhidi yake na mwenzake kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza alama. Kukanusha huko hakukusaidia kitu: Oktoba 1958 Twenty-One iliondolewa hewani. Uthibitisho usiopingika ulitoka kwa James Snodgrass, mchoraji aliyeshiriki mwaka 1957, ambaye kabla ya kwenda studio alijiandikia maswali na majibu aliyopewa, akayatuma kwake mwenyewe kwa barua za rejista, na kuzihifadhi bila kuzifungua, zikiwa na muhuri wa posta wa tarehe iliyotangulia kipindi. Ofisi ya posta ikawa shahidi asiyeweza kuhongwa wala kutishwa.

Jopo kuu la New York, yaani kundi la raia wanaosikiliza ushahidi kwa siri ili kuamua kama mtu ashtakiwe, lilisikiliza mashahidi wapatao 150, na wengi wao waliapa na kusema uongo. Kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi, chini ya Oren Harris wa Arkansas, ikachukua shauri hilo Oktoba 1959, na Novemba 2 Van Doren akakiri mbele yake kwamba alipewa majibu. Jambo moja huwashangaza wanafunzi wa sheria mpaka leo: kupanga matokeo ya chemsha bongo halikuwa kosa la jinai. Washindani waliohukumiwa mwaka 1962, Van Doren akiwamo, walipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, wakapewa kifungo cha nje. Sheria iliyofanya udanganyifu wenyewe kuwa jinai ilipitishwa mwaka 1960, baada ya farasi wote kutoka zizini. Barry hakuhukumiwa kwa lolote. Mdhamini naye hakuguswa, ingawa matangazo yake ya Geritol yalikuja kulaumiwa na mamlaka za biashara katika muongo wa 1960 kwa kuahidi nguvu ambazo dawa hiyo haikuwapa watu wengi, na hapo mtu mwenye ulimi mkali angeweza kuuliza ni sehemu gani hasa ya kipindi kile iliyokuwa ya kweli.

Mashirika ya utangazaji yalitoka katika kashfa hiyo yakiwa na nguvu zaidi. Yalitwaa mamlaka juu ya vipindi kutoka kwa wadhamini, yakaanza kuwauzia dakika badala ya vipindi vizima, na utaratibu huo, uliokuwa umekwisha kuanza kwa sababu za gharama, sasa ukapata vazi la maadili. Barry hakuwa na nafasi ndani yake. Enright alikwenda Kanada kutafuta kazi. Kituo cha redio walichokimiliki huko Hollywood, Florida, kilizua mgogoro na Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu, inayotoa leseni za utangazaji baada ya kupima tabia ya mwombaji, mpaka wakakiuza. Mwishoni mwa muongo wa 1960 Barry akafanya jambo linaloonyesha kwamba aliielewa hali yake kuliko wachambuzi wake: alinunua kituo kidogo cha redio huko Redondo Beach, California, kwa fedha alizosaidiwa na baba mkwe wake, kwa sababu umiliki wake ulihitaji leseni ya tume ileile. Akipewa leseni, hakuna shirika litakaloweza kusema kwamba serikali inamwona hafai. Alipewa. Uaminifu uliopotea mbele ya mamilioni ya watu ulirejeshwa kwa kipande cha karatasi.

Mwaka 1969 aliitwa kuchukua nafasi ya mwendeshaji aliyeondolewa katika kipindi cha ABC, na Septemba 4, 1972, CBS ikaanza kurusha The Joker's Wild, alichokitayarisha na kukiendesha mwenyewe. Kipindi hicho kilijengwa juu ya mfano mkubwa wa mashine ya kamari ya casino: mshindani alivuta mkono wa chuma, madirisha matatu yakazunguka, kila moja likasimama kwenye mada au kwenye picha ya jokari, karata isiyo na mada inayoweza kuwa chochote. Mada iliyotokea mara moja ililipa dola 50, mara mbili 100, mara tatu zaidi ya hapo, na aliyefikisha 500 alishinda. Maswali yalibaki, lakini yalikuwa mepesi, na mtazamaji hakungoja jibu. Alingoja madirisha yasimame. Nyuma ya madirisha hayo kulikuwa na projekta za slaidi, vifaa vya kawaida kabisa, lakini vilitoa kitu ambacho Barry hangeweza tena kukitoa kwa sura yake. Katika Twenty-One mtu aliaminishwa kwamba maarifa yaliyo ndani ya kichwa cha mgeni ni ya kweli, na dhamana ya hilo ilikuwa uso wa mwendeshaji. Katika The Joker's Wild dhamana ilikuwa bahati inayoonekana ikizunguka mbele ya macho ya kila mtu, na Barry akawa mwenyeji mchangamfu tu wa mashine. Wanaosema kwamba watazamaji wa Marekani walimsamehe wanasema zaidi ya ushahidi ulivyo. Kilichotokea ni kwamba alipewa kazi isiyohitaji msamaha.

CBS iliufuta mchezo huo mwaka 1975, lakini Barry, aliyesomea biashara na sasa akiwa ameungana tena na Enright, aliurudisha mwaka 1977 kwa kuuza kipindi moja kwa moja kwa kituo kimoja kimoja nchini kote, bila kupitia shirika kubwa, na ukadumu kuliko ulivyodumu mara ya kwanza. Alikuwa bado anauendesha alipopatwa na ugonjwa wa moyo akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, na kufariki Mei 2, 1984, akiwa na umri wa miaka 66. Nafasi yake ilichukuliwa na Bill Cullen, mwendeshaji aliyeugua polio utotoni na kutembea kwa kuchechemea, ambaye kwa miongo mitatu waongozaji walimwonyesha mara nyingi akiwa ameketi au amekwisha kusimama mahali pake, hivi kwamba watazamaji wengi hawakujua kabisa. Cullen aliendesha mchezo huo hadi mwaka 1986.

Filamu ya Robert Redford, Quiz Show, ya mwaka 1994, ndiyo iliyowafundisha wengi wanachokijua leo kuhusu kashfa hiyo, na ndani yake Van Doren na Stempel wamepewa nafsi, Enright amepewa hila, na Barry, akiigizwa na Christopher McDonald, amepewa tabasamu. Uchaguzi huo wa mwongozaji unaeleweka, kwa kuwa hadithi ya kijana msomi aliyeuza jina la familia yake ina mvuto wa tamthilia. Lakini Van Doren alicheza mchezo uliopangwa kwa muda wa miezi michache na, baada ya kukiri, akaacha televisheni moja kwa moja, akaenda kufanya kazi katika Encyclopaedia Britannica. Stempel alilalamika, akasikilizwa, akarudi katika maisha ya kawaida. Aliyebaki katika biashara yenyewe, akaijua kabla ya kashfa, ndani yake na baada yake, ni yule aliyeshika kadi, na vitabu vinavyoanza na Van Doren kila mara humkuta Barry akiwa amekwisha kusimama katikati ya vibanda viwili, bila kueleza nani alimweka pale na kwa nini watu walimwamini.